Barua ya wazi kwa Bunge la Kaunti ya Elgeyo Marakwet: mafuriko ya Kerio yazuiwe yanakoanzia

Waheshimiwa Spika na Wawakilishi Wadi,

Bunge lenu hukutana Iten, mji uliojengwa ukingoni kabisa mwa Bonde la Ufa, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kutoka ukingo huo kaunti inaonekana kwa ngazi zake tatu: nyanda za juu zenye misitu, malisho na mashamba ya viazi, mteremko mkali ambako vijiji vimeshika kila kipande cha ardhi kinachokalika, na sakafu ya Bonde la Kerio, yenye joto na vumbi, ambako maembe huiva. Kaskazini, Vilima vya Cherangany hupanda kupita mita 3,000, ilhali bonde lililo chini yake liko kwenye mita 1,000 na ushei. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo mito huimaliza kwa kuporomoka katika mteremko mmoja. Ndiyo maana barua hii nimeielekeza kwenu. Wakazi wa Budalang'i au wa Tana River hufurikiwa na maji yaliyonyesha kwa watu wengine, katika kaunti ambazo hawana kura ndani yake. Marakwet ni tofauti. Mvua inyeshayo Kapyego au katika Msitu wa Embobut huwafikia watu wa kaunti iyo hiyo, waliowachagua nyinyi nyote mnaoketi katika ukumbi mmoja. Mwakilishi wa wadi ya juu na mwakilishi wa wadi ya chini wanapigia kura bajeti moja.

Hoja yangu ni moja, nami nitaitetea kwa kirefu. Hatari ya mafuriko na maporomoko katika kaunti yenu huamuliwa kwenye vyanzo vya mito na juu ya mteremko, katika mambo yanayoonekana madogo: shamba jipya limelimwa wapi, barabara imechongwa vipi, kalvati ina upana gani, nani anapima mvua usiku. Fedha, sheria na uangalizi wetu, hata hivyo, hukaa chini, na hufika huko baada ya maji kupita. Naomba Bunge hili lihamishe sehemu ya fedha na mamlaka hayo yapande juu, kabla ya mvua nyingine ya masika.

Tuanze na kumbukumbu, kwa sababu zimeandikwa na hazibishaniwi. Chesongoch, katika Marakwet Mashariki, ilipatwa na maporomoko yaliyoua watu mwaka 2010 na tena mwaka 2012. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, mafuriko ya tope na mawe yalilisomba soko la mahali hapo. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 2025 mteremko ukashuka tena. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, na nyumba nyingi zikabomolewa au kufukiwa. Mara nne katika miaka kumi na mitano, katika eneo dogo lile lile. Kwa jirani zenu wa Pokot Magharibi, usiku wa mwezi Novemba 2019, miteremko ya upande wa pili wa vilima hivi hivi iliporomokea vijiji vya Nyarkulian, Parua na Tamkal, ikaua watu zaidi ya 40. Tukio la kwanza linaweza kuitwa ajali. Tukio la nne mahali pale pale ni tabia ya mahali hapo, na tabia inayojulikana inaweza kupangiwa. Hata hivyo kila mara taarifa rasmi husema kwamba mvua isiyo ya kawaida imewakuta wananchi ghafla. Mvua huwa nyingi kweli. Lakini neno "ghafla" halistahili tena kutumika kwa Chesongoch.

Inafaa kueleza kwa utulivu kinachotokea mlimani, maana hatua za kuchukua zinatokana na maelezo hayo. Mteremko wa Marakwet ni mwamba mgumu wa kale uliofunikwa na tabaka jembamba la udongo. Mvua ikinyesha siku nyingi mfululizo, udongo hunywa maji hadi ushindwe. Maji hayapenyi mwamba, basi hujikusanya pale udongo unapokutana na jiwe, yakausukuma udongo kutoka chini na kuulegeza. Kisha mvua moja kubwa ya saa chache inatosha kuung'oa. Kipande kikishuka hakiishii hapo. Huangukia korongo la mto, kikaziba njia pamoja na miti na mawe, na maji yakajaa nyuma yake. Kizuizi hicho kikipasuka, kinachoteremka si maji tena. Ni tope zito lenye uwezo wa kubeba mawe makubwa kuliko nyumba, na kadiri linavyoshuka ndivyo linavyokwangua kingo na kuongezeka. Ukuta wa mawe au gabioni zilizopangwa chini kwa ajili ya maji ya kawaida haziwezi kulisimamisha. Tofauti hii ni muhimu sana katika bajeti: mara nyingi tunajenga vizuizi vya mafuriko mahali ambapo adui ni mlima unaotembea.

Tope hilo linapotoka kwenye korongo na kufika chini, ambako mteremko unapungua, hupunguza kasi, hutawanyika na kuacha mzigo wake. Kwa maelfu ya miaka mizigo hiyo imejipanga kama upepeo uliofunguliwa, kilele kikiwa kwenye mdomo wa korongo. Tazameni vijiji, masoko, makanisa na shule za chini ya mteremko, mtaona vingi vimekaa juu ya pepeo hizo. Wazee hawakukosea kupachagua. Hapo ndipo penye maji ya mto, penye udongo mzuri na penye uwanda wa kujengea, juu kidogo ya joto na mbu wa sakafu ya bonde. Lakini rutuba ile ile iliyowavuta ililetwa na maporomoko yaliyotangulia. Kila jiwe kubwa lililolala katikati ya shamba la mtama au kando ya uwanja wa shule ni shahidi kwamba mto umewahi kupita hapo. Mjiolojia anayezifahamu ishara hizo anaweza kuchora mipaka ya pepeo hizi kwa kazi ya miezi, akitumia picha za angani na kuzunguka kwa miguu, bila kungoja watu wafe ili ijulikane mahali pa hatari ni wapi.

Nikifika kwenye misitu nitasema kwa uangalifu, kwa kuwa ni jambo linalosemwa sana na kwa urahisi. Mizizi hufunga udongo, na miti hunywa maji na kuirudishia anga. Hayo yanajulikana vyema. Lisilotajwa mara nyingi ni hesabu ya wakati. Mti ukikatwa, mizizi yake haifi siku hiyo. Huoza taratibu, na nguvu yake ya kushika udongo huisha baada ya miaka kadhaa, kabla miche mipya, kama ipo, haijatia mizizi ya kutosha. Mteremko uliofyekwa unaweza kupita misimu mitatu au minne ya mvua ukiwa umetulia, kisha ukaanguka wakati aliyeukata ameshasahaulika. Hapo lawama yote huangukia wingu. Kwa hiyo mjadala wa shamba lililofyekwa mwaka huu katika Embobut unahusu usalama wa watoto watakaolala chini ya mteremko huo mwaka 2029 au 2030. Na upandaji wa miti, pamoja na lengo la taifa la miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, hauwezi kuwa jibu la msimu ujao. Ni jibu jema la miaka kumi na tano, endapo miche itapandwa pale penye mteremko unaotishia na kutunzwa hadi ishike. Miche iliyopandwa kando ya barabara siku ya wageni rasmi haishiki udongo wa mlima.

Ni lazima pia nikiri upande wa pili wa ushahidi. Miteremko yenye misitu mizito nayo huporomoka mvua ikizidi kipimo. Yeyote anayewaahidi watu wa bondeni kwamba msitu ukirudi hawatafikwa na tope tena, anawapa usalama wa uongo. Msitu hupunguza idadi ya maporomoko na ukubwa wa mafuriko ya kila mwaka; hauondoi lile kubwa la miaka mingi. Ndiyo maana silishikilii suala la miti peke yake, na ndiyo maana naona makosa katika siasa iliyoligeuza suala zima la vyanzo vya mito kuwa suala la kuwafukuza watu msituni. Kumbukeni historia ya Embobut. Baadhi ya familia zilizokaa humo ziliorodheshwa na serikali yenyewe kama waathiriwa wa maporomoko: mlima uliwatoa chini, nao wakapanda juu kutafuta pa kuishi. Pamoja nao walikuwepo Wasengwer, ambao msitu huo ni kwao tangu zamani. Serikali ilitangaza fidia ya shilingi 400,000 kwa kila familia, kisha kuanzia Januari 2014 nyumba zikachomwa. Mwaka 2018 Msengwer mmoja aliuawa kwa risasi katika operesheni ya askari wa misitu, na Umoja wa Ulaya ukasimamisha ufadhili wa mradi wake wa kuhifadhi vyanzo vya maji. Tazameni matokeo: watu waliumia, fedha zilikatika, na mteremko haukupata utulivu. Anayehifadhi mlima kwa kuwafanya wanaoujua kuwa maadui, hubaki bila macho mlimani.

Kuna jambo moja la juu ambalo halihitaji kumfukuza mtu yeyote, nalo huzungumzwa kidogo mno: barabara. Watu wa mteremko wanahitaji barabara, na kila mwakilishi wadi hupimwa kwa kilomita alizofungua. Tingatinga likichonga barabara kukata mteremko, hukata mguu wa udongo uliokuwa umeegemea hapo, na udongo unaobaki humwagwa upande wa chini. Mtaro wa barabara hukusanya maji yaliyokuwa yametawanyika mlimani kote na kuyatoa mahali pamoja, mara nyingi juu ya shamba la mtu au kwenye korongo ambalo halikuwahi kupokea maji mengi hivyo. Kalvati ikiwa ndogo, huzibwa na matawi na mawe, na barabara yenyewe ikawa bwawa. Madhara yake tuliyaona Mai Mahiu, Kaunti ya Nakuru, alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024. Mwanzoni ilisemekana kwamba bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba maji yalijaa nyuma ya tuta la reli, kwa kuwa njia yake ya chini iliziba kwa takataka za mlimani, kisha yakapasua. Watu wapatao 60 walikufa. Hakuna mvua iliyojenga tuta lile. Basi kila kalvati iliyo juu ya makazi katika Marakwet na Keiyo inapaswa kuwa na namba, na mtu mwenye jina anayelipwa kuizibua kabla ya Machi na kabla ya Oktoba. Ni kazi ya jembe, panga na toroli, na vijana wa kuifanya wapo.

Najua mapingamizi yatakayoletwa, na baadhi yake ni mazito. La kwanza ni kwamba haya ni mabadiliko ya tabianchi, na kaunti moja haiwezi kupigana na anga. Ni kweli kwamba mvua ya mwisho wa 2019 ilichochewa na hali isiyo ya kawaida katika Bahari ya Hindi, pale maji ya upande wetu yalipopata joto kuliko ya upande wa Indonesia kwa kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo kadhaa. Ni kweli pia kwamba hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja ya Selsiasi huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvuke huo hushuka kama mvua kali. Lakini hoja hiyo inanipa nguvu mimi kuliko mpinzani. Ikiwa mvua kali zitakuja mara nyingi zaidi, basi kila shule iliyojengwa mdomoni mwa korongo na kila kalvati nyembamba ni hatari zaidi leo kuliko ilipojengwa. Anga haiko chini ya Bunge la Iten. Mahali pa kujenga zahanati pako. Na tusisahau kwamba mvua ile ile ilinyesha juu ya miteremko mingi, ila iliua pale ambapo watu walilala katika njia ya tope bila kuambiwa.

Pingamizi la pili ni la kisheria: misitu na usimamizi wa maafa ni vya Serikali Kuu. Someni tena Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Ni kweli majanga yametajwa upande wa taifa. Yametajwa pia upande wa kaunti, pamoja na mipango na maendeleo ya kaunti, na pamoja na utekelezaji wa sera za taifa kuhusu hifadhi ya udongo, maji na misitu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka kumi, nayo Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inaipa kaunti mamlaka ya kukubali au kukataa ujenzi. Mwaka 2018 Serikali Kuu ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, na Julai 2023 Rais akatangaza kuiondoa. Maamuzi hayo hayakuwa yenu. Lakini hakuna sheria inayomzuia Mwakilishi Wadi kuuliza, katika kikao kilichorekodiwa, kwa nini kibali cha ujenzi kilitolewa mdomoni mwa korongo lililowahi kuua. Mpaka wa mamlaka upo, na bado upande wenu wa mpaka una kazi ambayo haijafanywa.

La tatu ndilo zito kuliko yote. Watasema watu hawatahama, na hawatahama kwa sababu za haki. Ardhi ya ukoo haihamishiki. Mitaro ya umwagiliaji ya Wamarakwet, iliyochimbwa kwa karne kadhaa na kugawiwa kwa zamu za koo, imeshikamana na mteremko huo huo. Ukimhamisha mtu umemnyang'anya pia zamu yake ya maji. Kwenye sakafu ya bonde kuna wizi wa mifugo na risasi, na familia nyingi zimejisogeza kwenye mteremko zikikimbia hatari hiyo. Kuwaambia washuke bondeni ni kuwapeleka kwenye hofu waliyoikimbia, na kuwaambia wapande msituni ni kuwapeleka kwenye nyumba zilizochomwa. Kwa hiyo amri ya jumla ya kuhama, inayotolewa kila baada ya msiba mbele ya kamera, siiungi mkono. Haijatekelezwa, na nadhani wanaoitoa wanajua hivyo.

Ila kuna mwenye nyumba mmoja anayeweza kuhama bila kulilia makaburi ya babu zake, naye ni serikali. Mwaka 2020 kituo cha polisi cha Chesongoch kilisombwa pamoja na soko. Kituo hicho kilikuwa cha umma, kimejengwa kwa uamuzi wa umma. Shule, zahanati, soko, ofisi ya chifu, kituo cha polisi: kila jengo la serikali likisimama juu ya upepeo wa korongo, linawaambia wananchi kwamba hapo ni salama, na maduka na nyumba hufuata. Anzeni hapo. Amueni kwamba hakuna shilingi ya kaunti itakayojenga wala kukarabati jengo la umma mahali palipochorwa kuwa njia ya tope, na kwamba yaliyopo yatahamishwa kwa zamu, mabweni yakitangulia. Mabweni yanatangulia kwa sababu misiba ya 2019 na ya 2025 yote ilikuja usiku. Watu wataisogelea shule mpya na soko jipya kwa hiari yao, kidogo kidogo, wakibaki na mashamba na zamu zao za maji pale pale. Kulima mchana mahali pa hatari na kulala usiku mahali pa nafuu ni mpango ambao mkulima anaweza kuukubali. Hauvunji ukoo.

Na kwa wale watakaobaki, kuna suala la kuonywa. Hapa tena jibu liko juu. Tope likishaanza kushuka, wa chini ana dakika chache tu. King'ora kilichofungwa sokoni hakitasaidia kama hakuna anayejua kinachotokea mita elfu moja juu yake. Utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa husema mvua kubwa inatarajiwa katika nyanda za juu magharibi mwa Bonde la Ufa, na ni utabiri wa maana, lakini hauwezi kusema korongo lipi. Panahitajika vipimamvua juu ya kila bonde lenye historia ya maporomoko, vinavyotuma ujumbe vyenyewe kwa simu, na kiwango kilichokubaliwa: mvua ya siku kadhaa ikifika hapa na ya saa moja ikifika pale, watu wa chini wanaondoka kulala kwingine, bila kungoja kikao. Pamoja na mashine, mna taasisi ambayo kaunti nyingine hazina. Wasimamizi wa mitaro ya kale hupanda hadi kwenye mabanio, mtoni kabisa, na huujua mto kwa rangi na kwa sauti. Dalili kubwa ya hatari ni mto kupungua ghafla huku mvua ikiendelea, kwa maana maji yamezuiwa mahali huko juu. Mtu wa mtaro ndiye wa kwanza kuiona dalili hiyo. Mpeni simu, salio, koti la mvua na malipo ya msimu, muunganishe namba yake na machifu, wazee wa Nyumba Kumi na redio za lugha zetu. Ujuzi huo umewalisha watu karne nyingi, na hatujawahi kuutumia rasmi kuwaokoa.

Pingamizi la mwisho ni fedha, nalo halina uzito linaodhaniwa kuwa nao. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu Mfuko wa Dharura wa Kaunti kufikia asilimia 2 ya mapato yote. Hutumika baada ya msiba, kwa mahema, mahindi na majeneza, na ni lazima uwepo. Lakini vipimamvua, kazi ya kuzibua kalvati na uchoraji wa ramani ya hatari hugharimu sehemu ndogo ya barabara moja ya changarawe, na mpango wa ufadhili wa hatua za tabianchi mashinani, ambao kaunti zetu zimo, umewekwa kwa kazi za namna hiyo hasa. Halafu kuna wadeni wenu. Mji wa Eldoret hunywa maji ya Mto Moiben kutoka bwawa la Chebara, lililo ndani ya kaunti yenu. Mto Nzoia, ambao Cherangany huuchangia, huteremka hadi Busia na kuzikabili kingo za Budalang'i zinazojengwa na kubomoka kila mara. Kaunti hizo zina kila sababu ya kuchangia utunzaji wa mlima, na hazitachangia mpaka Elgeyo Marakwet iende mezani ikiwa na ramani, makadirio na sheria yake yenyewe. Miaka mingi mazungumzo kuhusu maji ya kaunti hii yamemezwa na mabwawa ya Arror na Kimwarer, mabilioni yake na kesi zake mahakamani. Wakati huo wote kalvati hazikuzibuliwa.

Kalenda ya bajeti mnaijua kuliko mimi. Makadirio ya mwaka wa fedha yanapaswa kuwa mbele yenu kufikia tarehe 30 Aprili, katikati ya masika yenyewe. Kabla ya kuyapitisha, naomba Kamati ya Bajeti na ile ya Ardhi na Mazingira ziitake Serikali ya Kaunti ilete orodha ya majengo yote ya umma yaliyo kwenye midomo ya makorongo kuanzia Tot hadi Arror na kusini hadi Keiyo, kila moja na idadi ya watu wanaolala humo. Ziitake ilete pia orodha ya kalvati zilizo juu ya makazi na tarehe ya mwisho kila moja ilipozibuliwa, na ramani ya njia za tope, hata kama ni ya awali na ina mapengo. Orodha hizo zikishaletwa zisomwe katika mabaraza, kwa Kimarakwet na kwa Kikeiyo, kijiji kwa kijiji, kwa sababu Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa mwananchi haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na hakuna habari anayoihitaji zaidi ya ile inayohusu mahali anapolaza watoto wake. Kama fungu la bajeti la mradi wowote wa ujenzi litaonekana limeangukia ndani ya mstari wa ramani hiyo, liondolewe hapo hapo kamatini, mradi upelekwe kwingine ndani ya wadi iyo hiyo ili mwakilishi wake asipoteze kitu, na fedha za usanifu mpya zitengwe katika kikao hicho hicho.

Wenu katika kuwajibika,
Mwananchi wa Kenya